Ng'ombe Ni Wengi

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Ufunguo uko mfukoni mwangu! Ufunguo wa chumba cha mitambo. Papa Athanase, mkurugenzi wa redio yetu hapa Masisi, amenikabidhi asubuhi mbele ya wafanyakazi wote. Wote ni wanne, lakini ni wote.

Nimeupata kwa akili. Tangu mwaka jana Laetitia, fundi wetu, alikuwa anatuma vipindi Omate kwa mkono. Kila jioni anaketi, anafungua internet ya satelaiti, anabisha kwenye kompyuta ya Omate, kituo chetu kidogo cha machimboni kule Walikale, anaandika neno la siri, anaingia, anatuma vipindi, anatoka. Kwa mkono, katika zama hizi! Nikamwambia Papa Athanase kwamba mimi, Zéphyrin, nitaandika programu itakayoamka yenyewe saa kumi na moja alfajiri, itabisha Omate, itasema neno la siri, itaingia na kuacha vipindi. Binadamu wote watakuwa wamelala. Papa Athanase anapenda sana kulala. Akakubali papo hapo.

Laetitia amehamishiwa kwenye matangazo ya ng'ombe waliopotea. Hakununa, na hilo linanitia wasiwasi kidogo. Amenipa daftari lake la kazi, akasema nikikwama nimuulize, kuuliza si ujinga. Nikamshukuru. Sitamuuliza.

Saa sita nilizungumza na Déo, mlinzi wa kituo cha Omate. Kule simu haishiki mpaka mtu apande kilima, na Déo anapanda mara moja tu kwa siku, saa sita. Nikamwomba neno la siri la mashine yake. Akasema ni ngombeikomingi, yote pamoja, herufi ndogo. Amelichagua mwenyewe. Yeye ni mtu wa huku kwetu, na kule msituni hamna ng'ombe hata mmoja, basi anawakumbuka.

Nilisikitika. Mtu mzima na ndevu zake! "Ngombe iko mingi!" Mimi nilikaa miezi minane Kigoma kwa shangazi, Kiswahili ninakijua. Ng'ombe ni kiumbe hai, ana ngeli yake na heshima yake. Hawezi kuwa "mingi", kwani ni mizigo? Na hiyo "iko" inafanya nini pale katikati? Nikaandika katika programu inavyotakiwa: ng'ombeniwengi. Sikumwambia Déo. Sipendi kuaibisha watu kwenye simu.

Alasiri alifika Mama Drocella, kwa miguu kutoka Kingi, na komunike yake, yaani tangazo la kusomwa redioni. Mwanawe Tuyizere alikwenda Omate kuchimba, sasa ni miaka miwili hajamsikia. Simu hana. Lakini kule kila mchimbaji anasikiliza redio. Jumamosi hii ng'ombe wa mahari ya binti yake Tumukunde wanafika. Baba yao ni marehemu. Kaka ndiye anayepaswa kusimama mbele ya wageni na kupokea ile fimbo ya ng'ombe. Asipofika, fimbo atapokea Papa Sebahire, ndugu ya marehemu, na Kingi yote itasema nyumba ile imefungwa, haina mtu. Kutoka Omate ni safari ya siku nzima na zaidi, barabara ikikubali. Kwa hiyo lazima asikie Alhamisi jioni, si baadaye. Mama aliniuliza mara tatu kama mashine itafika kweli. Nikamwambia alale salama, kesho saa kumi na moja.

Karatasi yake ilikuwa imejaa makosa pande zote mbili. Nimeisafisha. Sasa inasema: "Mama mzazi wa Bwana Tuyizere anamsihi mwanawe ahudhurie hafla ya mapokezi ya mahari siku ya Jumamosi." Nimeondoa jina la mama, jina la Kingi na jina la dada, kwa ajili ya ufupi. Nimeirekodi mwenyewe, kwa sauti nzito. Nimejisikiliza mara nne.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Saa kumi na moja nilikuwa macho, nisikose historia. Programu iliamka. Ikaandika mstari mmoja mwekundu, ikafa.

Nusu saa nikatafuta. Kumbe ni kile kialama kilichomo ndani ya ng'ombe! Katika lugha ya programu, kialama kile ndicho kinachofungua neno na kulifunga. Mashine ilisoma "ng", ikadhani neno limekwisha, ikachanganyikiwa na "ombe". Mtu mwingine angekata tamaa na kukifuta. Mimi nilizungushia neno alama mbili mbili badala ya moja moja, ng'ombe akapita mzima. Nilijipongeza kwa chai na andazi la jana.

Nikaiendesha upya. Ikafika mpaka Omate! Ikabisha! Mashine ya Omate ikajibu kwa Kiingereza: Authentication failed. Yaani sikujui, rudi ulikotoka. Nikajaribu tena. Sikujui. Nikasoma kwamba neno la siri likiwa ndani ya faili, mwishoni mwake huwa panabaki mstari mtupu usioonekana, na mashine inauhesabu kuwa sehemu ya neno. Nikausafisha ule utupu. Sikujui. Mara ya nne, sikujui.

Saa tatu Papa Athanase akaingia na kuuliza shida iko wapi. Nikamweleza kwamba programu yangu hutumia maktaba, bibliothèque kama wanavyosema wenyewe, yaani kazi iliyoandikwa na watu wengine, nami ninaiazima. Nikasema tatizo bila shaka liko katika maktaba. Papa Athanase akakunja uso. Akasema alijua tu. Akavaa koti lake, akanichukua kwa mkono mpaka parokiani kwa Abbé Luc, mtunza maktaba, ili niombe msamaha.

Nilijaribu kueleza njiani. Haikusaidia. Abbé Luc akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, na jina langu likaonekana! Kitabu cha ufugaji wa sungura, niliazima miaka sita iliyopita. Papa Athanase akanitazama kwa masikitiko makubwa. Akasema sasa ameelewa kwa nini Omate wanatukataa. Nimefagia maktaba ya parokia mpaka saa kumi. Sungura wenyewe sikuwahi kufuga.

Niliporudi, Laetitia aliniambia Déo alipiga simu saa sita. Omate hawajapata kipindi kipya, kwa hiyo amerudia vya Jumapili. Wachimbaji sasa wanajua mahubiri yote kwa moyo. Mmoja anayasema kabla ya mhubiri.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimegundua! Siyo neno la siri. Ni funguo!

Maktaba hii ina tabia mbaya. Kabla ya kusema neno la siri, inatoa kwanza funguo zote, yaani faili za kujitambulisha zilizohifadhiwa katika kompyuta, na kuzijaribu mlangoni moja baada ya nyingine. Mimi nina funguo tisa. Nilizitengeneza mwezi wa saba, nilipenda majina yake. Sasa mlinzi wa mlango ndani ya mashine ya Omate anaoneshwa funguo tisa zisizo zake, anachoka, anafunga kabla neno halijasemwa. Ni haki yake. Hata mimi ningefunga.

Nikaiamuru maktaba isitafute funguo, iseme neno tu. Nikaiendesha mara tano, kwa utulivu kabisa. Sikujui, mara tano.

Laetitia alikuwa nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akaniuliza kama nimeandika neno vile Déo alisema. Nikamjibu kwamba nimeliandika vizuri kuliko alivyosema. Akauliza kama anaweza kujaribu kwa mkono. Nikamwachia kiti, ajionee mwenyewe. Akaketi, akaandika haraka, mlango ukafunguka mara moja!

Nikamuuliza amefanya nini. Akasema hajafanya kitu, ameandika tu vile Déo alisema. Hilo si jibu la kitaalamu. Kwa mkono inakubali, kwa programu inakataa, na neno ni lile lile. Basi maktaba ina kasoro, hakuna njia nyingine. Nikamweleza hivyo. Akasema sawa kaka, akachukua komunike ya Mama Drocella niliyoirekodi, akaituma. Kwa mkono. Ilipita kwa dakika mbili.

Niliumia, nisiseme uongo. Mkono umenishinda mbele ya ufunguo wangu mwenyewe. Alipotoka nikasema mashine sasa imelainika, nitumie nafasi. Nikaiendesha programu mara tano zaidi.

Sikujua kuhusu sheria. Laetitia mwenyewe aliiweka mwaka jana katika mashine ya Omate, kwa ajili ya wezi: anayekosea neno mara kumi kwa siku moja anafungiwa, yeye na Masisi yote, mpaka mtu wa kule amfungulie. Iko katika daftari lake, ukurasa wa kwanza. Mimi nilianzia ukurasa wa tatu.

Saa tisa Mama Drocella akafika tena kuuliza kama mtoto amesikia. Nikamwambia iko nakwenda. Nimeandika "iko" na ninaiacha hapa iwe ushahidi wa hali niliyokuwa nayo.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Saa sita Déo alipiga. Papa Athanase akaweka simu kwa sauti kubwa, tukasikia wote. Na Mama Drocella alikuwepo, tangu asubuhi, kwenye benchi, na kibidoni cha mashuza, maziwa ya mgando, miguuni.

Déo akasema komunike ilitoka jana jioni, mara mbili, safi kabisa. Omate nzima ilisikia. Hakuna aliyeondoka.

Mama Drocella akasimama.

Déo akaeleza. Pale Omate wako Tuyizere wanne. Wote wanne walisikiliza. Wote wanne walisema huyo si mama yangu, mama yangu haongee hivi. Watu walibishana ni tangazo la nchi gani. Wengine walisema ni habari za dunia. Na Tuyizere mmoja, kijana mrefu, alisema masikini huyo mama, Mungu amusaidie apate mutoto wake. Akaendelea kula.

Mama Drocella akauliza kwa sauti ndogo kama huyo kijana mrefu ana kovu kwenye nyusi. Déo akasema ndiyo, analo.

Hapa niseme ukweli, hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Nilitamani sakafu ipasuke. Mwana kamsikia mama yake na kamhurumia kama mama wa mtu mwingine, na sentensi ilikuwa yangu.

Nikasema basi Déo ashuke, amshike yule mrefu, amwambie. Déo akasema wamerudi machimboni asubuhi, mashimo ni mengi na yako mbali, jioni ndipo wanakusanyika kwa redio. Basi ni redio tu. Na mlango wa Omate umefungwa, na aliyeufunga ni mimi! Laetitia akachukua simu, akamsomea Déo mistari miwili ya kuandika kwenye mashine yake ili atufungulie. Polepole, herufi kwa herufi. Déo akarudia. Kisha akashuka kilima kwenda kuiandika, na sisi tukabaki kungoja.

Laetitia akasema tusipoteze muda, mama aseme mwenyewe. Nikapinga kidogo. Nikasema hewani kuna viwango, na ngeli pia ni sehemu ya viwango. Papa Athanase akanipa kibidoni cha mashuza nishike, akamwongoza mama studioni. Kwa hiyo nilikuwa mlangoni na kibidoni kifuani, nikisikia yote. Nilianza kuhesabu makosa, ni mazoea; hata Jumamosi kwake ni "siku ya posho".

Alisema: Tuyi, ni mimi mama yako, wa Kingi. Ngombe ya dada yako Tumukunde iko nakuya siku ya posho. Papa yako haiko. Njo wewe utasimama. Kama uko na matope, kuya na matope. Kama uko na njaa, chakula iko. Kuya tu, mutoto wangu.

Nilifika kosa la saba pale kwa baba yake, nikaacha. Kibidoni kilikuwa kizito na mikono yote miwili ilikuwa na kazi, sikuweza kufuta macho. Ni vumbi la studio. Nimesema mara nyingi pafagiwe.

Saa tisa na nusu mlango wa Omate ukafunguka. Laetitia akatuma. Papa Athanase akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo kiganjani mwake. Mashuza nilimrudishia mama, akasema ni yetu, tunywe wote. Nilikunywa. Yalikuwa mazuri sana.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Sasa mimi ndiye wa ng'ombe waliopotea. Laetitia yuko katika chumba cha mitambo, anatuma kwa mkono, anaimba.

Nimeamua kuinua kiwango cha idara yangu mpya. Asubuhi nilitangaza ng'ombe jike wa Papa Kanyamibwa, aliyetoroka juzi. Papa Kanyamibwa alikuwa ameandika kwamba iko ya rangi ya maharagi, ile ya kuiva. Nikaboresha: rangi ya hudhurungi. Saa nne akaja mwenyewe, amekasirika, akitaka kujua huyo Hudhurungi ni nani, anaishi kilima gani, na tangu lini ng'ombe amekuwa wake. Nikamtuliza. Ng'ombe bado hajaonekana.

Saa sita Déo. Nilijifanya ninapanga karatasi karibu na simu. Akasema jana jioni komunike ilipoanza, kijana mrefu alikuwa na sahani ya sombe mikononi. Kwenye neno "Tuyi" akasimama. Hakungoja mwisho. Sahani ilibaki, redio ilibaki ikiwaka, na viatu vyake vya mvua vipo mlangoni hadi sasa. Tuyizere mmoja katika wale watatu waliobaki ameuliza kama redio inaweza pia kutuma maneno kutoka Omate kwenda kwa mama.

Lakini barabara! Juzi mvua ilinyesha. Pikipiki zinasukumwa zaidi kuliko zinavyopandwa. Kesho ng'ombe wanafika saa nane.

Jioni nimefikiri sana juu ya maktaba. Nilifuta mstari mtupu. Nilificha funguo. Neno nimelihakiki herufi kwa herufi, hata kialama kiko mahali pake. Halina kosa hata moja. Linakataliwa kwa nini? Ninaanza kumshuku Laetitia. Inawezekana mashine imezoea vidole vyake.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Kingi. Redio yote tulialikwa. Nilivaa koti.

Ng'ombe walifika saa nane kamili, wanane, na mitamba wawili wazuri mno. Wageni waliketi. Mama Drocella alikuwa amevaa kitenge kipya, na kila pikipiki iliyolia mbali alisimama, kisha akaketi. Tumukunde alikuwa ndani na wenzake, lakini dirisha lilikuwa wazi na nilimwona akichungulia barabara, si bwana harusi.

Saa tisa msemaji wa wageni akasimama na fimbo. Papa Sebahire naye akasimama, akafunga vifungo vya koti. Siyo mtu mbaya, ila alifunga vifungo haraka. Mama Drocella akasema wageni hawajanywa. Wakaletewa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Saa tisa na nusu msemaji akasimama tena. Mama akasema maharagi haijaiva. Yalikuwa yameiva tangu saa sita, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaonja mara mbili. Msemaji akaketi. Saa kumi msemaji akasimama mara ya tatu, na visingizio vya mama vilikuwa vimekwisha. Alitazama chini tu.

Nilishikwa na haya. Nilitaka kusimama na kusema ni mimi, jamani, ni ile "hafla" yangu. Nikabaki nimeketi.

Ndipo pikipiki ikapanda kilima. Hapo nyuma ameketi mtu wa matope, matope mpaka nywele, peku. Mrefu. Akashuka, akamkuta mama yake katikati ya ua. Walishikana tu. Kitenge kipya kikawa cha rangi ya barabara. Papa Sebahire akafungua vifungo vyake, akapiga makofi wa kwanza, na hilo nimempa.

Wakamletea Tuyizere koti la marehemu baba yake, akalivaa juu ya matope. Akapokea fimbo. Akageuka, akawatazama wale ng'ombe. Miaka miwili hajaona hata mmoja. Akashindwa na hotuba. Akasema tu, kwa mshangao, ya kwamba ngombe iko mingi!

Ua wote ukacheka na kushangilia. Mimi nikamwinamia Laetitia, nikamsahihishia sikioni: ng'ombe ni wengi.

Laetitia akanitazama. Akauliza kama hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye programu. Nikasema bila shaka, pamoja na kialama. Akaweka sahani chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya Tuyizere. Alikuwa anacheka, hata machozi. Akasema Zéphyrin, mot de passe, hilo neno la siri, si insha. Inasemwa vile mwenye nyumba aliisema. Mlango haujui sarufi, unajua neno lake tu.

Niliacha kula mpaka maharage yakapoa. Wiki nzima! Herufi chache na kialama kimoja! Niliona yote kwa mkupuo, maktaba, funguo tisa, ufagio wa Abbé Luc, na yule mama akisikilizwa na mwanawe asitambuliwe. Nimeelewa. Leo kwa kweli nimeelewa. Naapa mbele ya shajara hii.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Siku ya ushindi!

Jumamosi jioni, Papa Athanase akiwa na kasiksi mkononi na furaha moyoni, nilimwomba ufunguo. Akaniambia niuchukue, maana Laetitia amebaki Kingi hadi leo jioni kumsaidia Mama Drocella kuosha masufuria ya watu. Nilishukuru, nikatembea kwa unyenyekevu hadi kona, nikakimbia.

Nimefikiri juu ya maneno ya Laetitia. Ni ya kweli. Programu inakataliwa kwa sababu neno lililo ndani yake na neno lililo Omate hayafanani. Basi tatizo limejulikana. Lililobaki ni kurekebisha lile lenye kosa.

Kwa hiyo leo alfajiri niliandika ngombeikomingi kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimefumba macho, sikutaka kuliona. Mlango ukafunguka. Nikaingia katika mashine ya Omate na kumbadilishia Déo neno lake la siri. Sasa ni ng'ombeniwengi. Kialama kiko mahali pake. Nikatoka, nikaendesha programu, ikaingia mara ya kwanza! Vipindi vyote vikaenda vyenyewe, mikono yangu mfukoni. Nimeiendesha mara tatu zaidi kwa raha tu.

Saa sita Déo akapiga kutoka kilimani. Anasema mashine yake mwenyewe haimtambui tena. Anaandika neno lake, inakataa. Amejaribu mara tisa. Vipindi anaviona kwenye kioo ila hawezi kuvifikia, na wachimbaji, ambao mvua imewazuia kwenda machimboni leo, wameketi mbele ya redio isiyosema kitu, hata mahubiri. Yule Tuyizere aliyetaka kumtumia mama yake salamu ameketi nao tangu asubuhi.

Nilimsikiliza kwa upole, ninajua maumivu hayo. Nikamshauri achunguze maktaba yake. Alitaka kuuliza jambo, lakini simu ikakatika. Atajaribu mara ya kumi, kisha atapata wazo.

Ninaandika haya mezani, katika chumba cha mitambo. Laetitia anarudi jioni, nitamshtukiza kwa habari njema. Mama Drocella naye amepita sasa hivi na kibidoni kingine cha mashuza, na karatasi mpya ya kusoma hewani kesho. Ni shukrani. Anasema: "Mutoto alisikia sauti yangu. Alikuya. Aksanti kwa radio yetu." Ameniomba isomwe vile iko.

Karatasi nzuri, ina moyo. Nimechukua kalamu nyekundu. Neno la kwanza ni "mutoto". Nimeanza hapo.